Wote Kasoro Yeremia

Yeremia Maige hakuwa mwongo. Naanza na hilo, kwa sababu ukienda leo pale kwetu Mabatini ukauliza habari zake, utaambiwa ndiye yule mzee aliyewauza wafanyakazi mia mbili kwa mwekezaji. Na huyo atakayekuambia, ukimbana vizuri kayasikia wapi, utakuta kayasikia kwangu. Ndiyo, kwangu mimi Dorotea. Mdomo wangu hauna breki, hata marehemu mume wangu alikuwa akisema. Basi leo nimekaa nikuambie yalivyokuwa, na tafadhali usinikatize, maana nikikatizwa nitakasirika na nikikasirika nitaruka mambo.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba na kupika sabuni. Cha serikali. Mimi nilikuwa upande wa sabuni, kukata miche na kuifunga, miaka kumi na saba bila kuandikiwa barua ya onyo. Mume wangu alipofariki, kazi hiyo ndiyo ilinishika mkono. Ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mwanangu Kija, na mwaka huo wa tisini na saba alikuwa kidato cha tatu, wa kwanza katika ukoo wetu mzima kufika huko. Nikimwona asubuhi kavaa ile sketi ya bluu, nilikuwa najisikia kama mimi ndiye ninayekwenda shule.

Yeremia alikuwa tarishi. Kazi yake kupeleka karatasi: kutoka maabara kwenda stoo, kutoka stoo kwenda ofisini. Lakini hakuna aliyemwita tarishi. Mzee huyu alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, enzi za mkoloni, akafundishwa na mapadri wenyewe, na Kiingereza chake kilikuwa ndicho Kiingereza chetu sote. Ukiletewa barua, unakwenda kwa Yeremia. Ukinunua dawa, unakwenda kwa Yeremia akusomee kikaratasi. Anakohoa kwanza, anaishika karatasi mbali na uso, anasoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza, ndipo anakutafsiria. Tai shingoni kila siku, hata joto la Oktoba, tarishi na tai!

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwake. Masalu, mwenzetu wa mashudu, yule wa kupakia makapi ya mbegu kwenye magunia, alinunua koti la mitumba lenye maandishi ya Kiingereza mgongoni. Yeremia akalitazama, akakohoa, akasema, "Kikosi cha Zimamoto, Uingereza." Masalu akatembea nalo kifua mbele mwezi mzima. Kisha Queen, binti aliyekuwa anataipu ofisini, akalisoma akacheka mpaka akashika ukuta: ilikuwa timu ya wanawake ya mpira wa magongo. Tulipomrudia Yeremia, unafikiri alikubali? "Wanawake nao huzima moto," akasema, akaenda zake na karatasi zake.

Tulicheka. Nani angedhani.

Queen mwenyewe alimheshimu. "Shikamoo babu," kila asubuhi, na babu alimsahihisha. Mara mbili alimkamata amekosea kutaipu, herufi zimepinduka, na zote mbili Queen akakubali kosa. Yeremia akatutangazia kwenye chai kwamba wasomi wa siku hizi wana vyeti lakini herufi hawazijui. Na kulikuwa na neno moja la Kiingereza alilolibeba kila siku ya Mungu: *accept*. Mafuta yakipimwa maabara yakionekana mazuri, karatasi inagongwa muhuri wa bluu wa neno hilo, maana yake yamepokelewa, na Yeremia ndiye anayeipeleka stoo. Hata sisi tusiojua a wala be tulilijua. Mtoto wa mtu akifaulu, tunasema kagongwa aksept. Msichana akikubali posa, aksept.

Basi kiwanda kikauzwa. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mainjinia na wahasibu wetu walilipwa wakaondoka tangu Machi, tukabaki sisi wa chini na Bwana Revocatus, afisa utumishi, ambaye mwekezaji alimkuta akamwachia cheo chake. Miezi mitatu tulikaa roho mkononi. Kila gari likiingia getini tunanyoosha shingo.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, Revocatus mwenyewe akaja kubandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu saa sita na Queen kaambiwa aende nyumbani. Akabandika, akapanda pikapu, akaenda. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na chini ina majina thelathini na nane. Kwa nini Kiingereza, kwa watu wanaozungumza Kisukuma wakiwa jikoni na Kiswahili wakiwa kazini? Mimi usiniulize, kawaulize wenyewe.

"Yeremia! Mwiteni mzee Yeremia!"

Tukampisha njia. Nilisimama kwenye kiwiko chake, hivi, karibu kabisa. Akakohoa. Akasoma kimoyomoyo, na nikaona macho yake yanateremka kwenye majina, yanasimama kwenye la nne. Lilikuwa jina lake, hilo hata mimi nililitambua. Uso wake ukafunguka. Kisha akarudi juu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Wafanyakazi wote," akasema, "watafika kazini Jumatatu, saa moja kamili asubuhi..."

Watu wakapiga vigelegele. Wote! Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kurukaruka.

"Subirini!" Kidole kilikuwa kimekwama kwenye neno. Kikalipita, kikarudi, kikalipita tena. Nilikiona kwa macho yangu haya. Kisha akavuta pumzi. "Watafika Jumatatu waliopokelewa. Majina yao ni haya hapa chini. Na asiyefika saa hiyo atahesabiwa ameacha kazi mwenyewe."

Akasoma majina. Thelathini na nane, polepole, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Dorotea halikuwamo.

Sijui nikuelezeje. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la mashudu. Wale wenye majina wanakumbatiana, sisi wengine tunatazamana. Yeremia akaja akainama, akanishika bega. "Pole, Mama Kija. Pole sana, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. Na macho yake yalikuwa na machozi, lakini hata mjinga angeona kwamba chini ya machozi yale mzee alikuwa na furaha. Nilimchukia kwa furaha ile. Nasema kweli.

Jumamosi watu walitawanyika. Wa Ukerewe walifunga vitu wakapanda meli ya Nansio. Wengine Geita, wengine Magu, mtu na godoro lake. Ungebaki mjini kufanya nini, na unga umeshamwagika? Mimi nilikwenda Kirumba kuuliza habari za kuuza dagaa. Jioni ile nikamwambia Kija shule basi. Hakulia mtoto. Aliikunja ile sketi ya bluu akaiweka chini ya mkeka ikae na mkunjo, akasema huenda mambo yatabadilika.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa bombani na ndoo yangu. Akapita mke wa Masalu, anacheka peke yake. Masalu alikuwa amelala na malaria wiki nzima, hakusikia tangazo wala hakuambiwa, na jina lake halikuwamo. Asubuhi amepata nafuu, akavaa koti lake la zimamoto, akaenda kazini kama kawaida. Getini wakamwangalia kwenye orodha, wakamfungulia.

"Wamemfungulia?" nikasema. "Jina lake halimo!"

"Ndio nimetoka kumpelekea chai. Anapakia magunia. Wenye majina ndio wamefukuzwa, wako nje wanalia."

Niliiacha ndoo inamwagika. Nilikimbia kutoka Mabatini mpaka kiwandani, mimi mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kanga mkononi. Nilipofika, geti limefungwa. Ndani nikaona vijana nisiowajua wanaingizwa upande wa sabuni, vibarua waliookotwa pale pale nje, wale wanaoshinda getini kila siku. Mmoja alikuwa ameshika kisu changu cha kukatia miche.

Queen akatoka, akaja mpaka kwenye nondo za geti. Alikuwa analia.

"Mama Kija, nani aliwasomea lile tangazo?"

"Si mzee Yeremia!"

"Halikuwa *accept*, mama. Nilitaipu mwenyewe. Ni *except*. Ukiyatamka ni yale yale, lakini hili ni isipokuwa. Kasoro. Wafanyakazi wote waje, kasoro hawa wenye majina. Mama, wewe ulikuwa unatakiwa. Mlikuwa mnatakiwa nyote. Bwana Revocatus alisimama hapa na saa yake mkononi. Waliofika ni kumi na mmoja."

"Basi si nimekuja! Nifungulie!"

"Saa moja ilikuwa mwisho, mama."

Revocatus alipita nyuma yake, suruali imenyooka, akasema bila hata kusimama, "Wameacha kazi wenyewe. Imeandikwa." Unajua, sikuona kama amesikitika. Vibarua hawana likizo, hawana matibabu, hawana miaka kumi na saba. Nadhani alipoona geti tupu asubuhi ile alishukuru Mungu.

Yeremia alikuwa amekaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, na tai yake. Baadaye niliambiwa alibishana na Revocatus kwa Kiingereza mbele ya wenzake thelathini na saba, akidai wao ndio waliopokelewa, na Revocatus akacheka mpaka akafuta macho. Nilimwendea. Siku zote nilikuwa nikimwamkia shikamoo, alikuwa makamo ya kaka yangu mkubwa. Siku hiyo sikumwamkia.

"Kasoro!" nikamwambia. "Saa moja kasoro robo, hujui kasoro? Wote kasoro hawa! Mtoto mdogo anajua! Umetuua, Yeremia!"

"Niliona herufi zimekaa vibaya," akasema taratibu. "Niliona E na X mahali pa A na C. Nikajua Queen amekosea kutaipu."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

Akainyoosha tai yake. Lo, jamani! Ningekuwa mwanaume ningempiga. Angesema tu, jamani hapa sijui, tungekwenda Jumamosi kwa Queen nyumbani kwao, tungemuuliza padri, tungemuuliza hata Kija wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu! Kija angelisoma! Hilo ndilo linalonikata maini mpaka leo, dawa ilikuwa nyumbani kwangu imekaa mkekani, na mimi sikuwaza kumwuliza mtoto kwa sababu alikwishasoma Yeremia.

Jina nililianza mimi. Kasoro. Kesho yake tu watoto wa Mabatini walikuwa wameshalidaka, wanalipigia makofi kutoka jiwe moja hadi jingine: "Wote! Kasoro! Wote! Kasoro!" Nyumba yake ilikuwa juu kwenye mawe, na ili ateremke ilimbidi apite katikati ya nyumba zetu. Mkewe, Wilhelmina, mwanamke mpole asiye na neno na mtu, akawa anakwenda bombani mchana wa jua kali ili asitukute. Tulipofiwa na jirani, Yeremia akaja msibani kama mtu yeyote. Kila mkeka aliokaa watu wakahama. Chakula kilipoletwa, mtu mmoja akasema kwa sauti, "Karibuni wote," na kabla hajamaliza wengine wakaitikia, "Kasoro!" Msibani! Watu wakacheka maiti ikiwa ndani. Nami nilicheka. Yeremia akasimama, akajipangusa suruali, akapanda mawe kwenda kwake.

Agosti ikaja na tumaini. Masalu ndiye aliyetuletea habari: vibarua wameunguza pipa zima la sabuni, mashine ya kukamua imesimama mara tatu, mwekezaji anafoka. Kazi ile ina mikono yake, huwezi kuiokota getini. Ofisi ya kazi nayo ikaandika barua kwamba tusikilizwe. Tukaambiwa tuchague wajumbe sita, kikao Alhamisi saa nne. Na Revocatus alikuwa ameshaanza kusema maneno laini: labda mia na hamsini watarudi, labda zaidi. Nilichaguliwa, kwa mdomo huu huu. Watu wakarudi kutoka Nansio, wakarudi kutoka Geita, wakalala kwa ndugu. Kija akaitoa sketi chini ya mkeka akaifua.

Alhamisi ile nje ya geti palijaa. Sisi sita tulikaa kwenye benchi barazani kwa ofisi, Revocatus kwenye meza, Queen pembeni anaandika. Nilisema yangu. Nilisema vizuri, hata mwenyewe nilijishangaa. Nilisema kosa lilikuwa la kusomewa, siyo la kuacha kazi, na mtu hawezi kuacha kazi asiyojua kama anayo. Revocatus akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kisha akafungua faili akatoa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri wa shule za zamani.

"Mimi ningependa kuwasaidia," akasema. "Lakini mwenzenu mwenyewe ametuandikia. Wiki iliyopita alileta barua hii mkononi." Akaisoma mstari mmoja kwa Kiingereza, kisha akautafsiri, akipaza sauti hadi wa getini wasikie. "Tafadhali, waacheni wafanyakazi hawa wote. Nipokeeni mimi, Yeremia Maige."

Unasikia mashine ndani tu.

"Mmesikia? Tarishi wa miaka mingi, anawajua kuliko sisi. Anashauri tusiwachukue. Yupo hapo nje? Aje."

Watu wakamsukuma mpaka mbele. Tai imekaa upande. Revocatus akamwonyesha karatasi.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika kwa mkono wako, hukushikiwa?"

"Kwa mkono wangu. Lakini bwana, mimi nimesema wawapokee wote..."

"Hapa hukusema hivyo. Hapa umesema tuwaache wote upokelewe wewe. Au hujui Kiingereza?"

Yeremia aliitazama ile karatasi, akaishika mbali na uso. Midomo ikacheza. Safari hii hakukohoa. Nikaona jasho linateremka kwenye shavu lake, kisha akasema, "Sijui."

"Nini?"

"Sijui. Sijui Kiingereza."

Miaka yote ile hatukulisikia neno hilo kinywani mwake, na alipolisema hakuna aliyemwamini. Si ndiye aliyekuwa akisahihisha wenye vyeti! Leo amekamatwa, leo hajui! Watu walipiga kelele, kiatu kikarushwa. Mimi niliondoka kwenye benchi nikamwendea nikamtemea mate. Usoni. Nikamwambia, "Mungu akuone." Hakujipangusa. Revocatus akafunga faili akasema kikao kimekwisha, na kwa kuwa kampuni inajali, Yeremia anaweza kufika Jumatatu, nafasi ya kufagia ipo. Sisi wengine hatukuitwa tena, wala ofisi ya kazi haikuandika tena.

Jumatatu Yeremia hakwenda kufagia. Kabla ya wiki kwisha yeye na Wilhelmina walihama, wakaenda kijijini kwao, ndani ndani kutoka Usagara. Sisi tukasema kakimbia aibu. Kija wangu alikwenda Ilemela kupaa samaki, miguu ndani ya maji baridi kutwa, na sketi nikampa mtoto wa dada yangu.

Desemba, katikati ya zile mvua za El Nino, nilikuwa kwenye meza yangu ya dagaa Kirumba, nimejifunika nailoni, akasimama Queen. Alikuwa mnene kidogo, mambo yake mazuri. Akanunua kisado. Halafu hakuondoka.

"Mama Kija, mzee Yeremia yuko wapi?"

"Kuzimu," nikasema.

"Ile barua niliifaili mimi. Niliisoma yote. Bwana Revocatus aliwasomea mstari mmoja." Alikuwa anaongea akitazama dagaa. "Kabla ya mstari ule mzee ameandika kosa ni lake peke yake. Kwamba hawa watu wana watoto. Ameandika hata jina la Kija wako, kwamba yuko kidato cha tatu. Halafu ndipo anaomba. Alitaka kusema pokeeni wote kasoro mimi. Akayapachanisha yale maneno mawili, hili mahali pa lile. Ukiyabadilisha tu, mama, barua inanyooka."

Mvua ilikuwa inapiga nailoni, nikadhani sikusikia sawasawa. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Na siku ile ulikuwa umekaa pale," nikasema. "Kalamu mkononi."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nami nilihitaji kazi, mama."

Sikumtukana. Jaribu kuniamini, sikumtukana. Nilimwambia anifundishe, lipi ni lipi, akaniandikia kwenye kipande cha gazeti: lenye A ni kupokea, lenye E ni kuacha. Kesho yake nikafunga safari. Basi liliniacha Usagara, kule mbele barabara imekatika, nikatembea saa tatu kwenye tope la mpaka magotini, nikirudia mdomoni kama mtoto wa darasa la kwanza: A kupokea, E kuacha. Karatasi yenyewe ililoa ikaisha mfukoni.

Nilimkuta amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Hana tai. Amekonda, lakini hakuwa mgonjwa. Wilhelmina aliponiona alisimama, akataka kuingia ndani, kisha akabaki.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, Mama Kija. Umeloa. Karibu."

Nikapiga magoti pale pale kwenye maji. Nikamwambia nimejua habari ya barua, nimejua aliandika nini na alitaka kuandika nini. Nikamwambia jina lile nilianzisha mimi, mate yale yalikuwa yangu, na kama ataona sawa anitemee na yeye. Akaniambia niinuke, nitapata homa. Akasogeza kigoda. Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo.

"Queen alikuambia lipi ni lipi?" akaniuliza.

"Aliniambia. Lenye A ni kupokea. Lenye E ni kuacha."

Vidole vyake vikasimama. Wilhelmina akamwita jina lake, akaliweka gunzi chini.

"Mara ya kwanza niliandika hivyo hivyo," akasema. "Wote kwa A, mimi kwa E. Nikakaa nayo siku mbili, sijaipeleka. Nikajiambia, wewe Yeremia ndiye uliyekosea wakati ule, uliona ukajifanya unajua. Safari hii usijiamini. Unavyodhani wewe, ndivyo sivyo. Nikachukua karatasi nyingine, nikayabadilisha."

Nililia mbele yao wote wawili, kilio cha msibani, na yeye ndiye aliyeninyamazisha.